Jinsi Bwana Alivyozirudisha Sifuri za Kongwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wewe ambaye bado unatafuta miwani, msifu hivyo hivyo, utasoma baadaye.

Mimi ni Yeremia. Mnanijua, yule wa kwaya, sauti ya nne, ambaye mwalimu wa kwaya huniomba niitumie sauti hiyo kwa kiasi. Mchana nafanya kazi kwenye kampuni moja ya dawa za mifugo hapa Dodoma mjini, mojawapo ya hizi zilizochipuka kila kona tangu watu binafsi waruhusiwe kuagiza bidhaa wenyewe. Jioni, kwa miaka minne, nilisoma kompyuta: wanafunzi kumi na wanane, kompyuta mbili, na moja ilikuwa ya kutazama tu. Nikamaliza! Cheti changu mama amekitundika ukutani mkabala na mlango, na mgeni hapewi maji kabla hajakisoma.

Leo nashuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye kiburi kwa kutumia sifuri mbili. Msicheke. Au chekeni, lakini someni hadi mwisho.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Chanjo zetu za ng'ombe zinatoka kwa mwagizaji wa Dar es Salaam. Kila kasha lina namba ya toleo, na kabla ya kulifungua ni lazima tumuulize mwagizaji kama toleo hilo ni zima au limeonekana kuwa na kasoro. Zamani tuliuliza kwa simu. Unapiga kijana, unapokelewa una mvi! Halafu mwagizaji akafungua mlango kwenye intaneti: kompyuta yetu inauliza, ya kwake inajibu. Akatoa na hati ndefu inayoeleza maswali yanayoruhusiwa, yaulizwe vipi, na majibu yatakuja na sura gani. Mimi nikawa naisoma hati ile na kuandika programu ya kuuliza, swali kwa swali, kwa vidole hivi hivi vinavyoshika kitabu cha nyimbo. Dar wakibadilisha kitu kidogo, mimi naanza upya. Niliandika mistari mingi kiasi kwamba ukiipanga barabarani unafika Chalinze na inabaki.

Jioni moja mwalimu wetu wa kompyuta akatuambia jambo lililotaka kuniangusha kwenye benchi. Kuna programu, akasema, unaipa ile hati ya mwagizaji, inaisoma yenyewe, kisha inakuandikia maktaba nzima, yaani mafaili yote ya programu ya kuuliza na kupokea majibu. Mashine inaiandikia mashine! Ndugu zangu, swali lilinikaa. Inajuaje? Inaanzia wapi? Jina la kila kitu inalitoa wapi? Kesho yake ofisini nikaijaribu, na chai yangu haijapoa nikaona mafaili yamejipanga kwenye kompyuta kama askari wa gwaride. Nikayafungua moja moja, kama mtu anayefunua masufuria ya jirani. Kazi yangu ya miezi mitatu, imefanywa kwa dakika mbili, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu!

Lakini kulikuwa na dosari moja. Hati ya Dar ilisema toleo ni namba, na mashine ikaamini. Sasa kwa mashine, namba haina haja ya sifuri za mbele. Kwenye kasha imeandikwa 0047, mashine inauliza 47, na Dar wanajibu kwamba toleo hilo hawalijui. Nikaingia kwenye faili lile lililoandikwa na mashine, nikarekebisha kwa mkono ili toleo lichukuliwe kama maandishi. Likakubali. Juu kabisa ya faili kulikuwa na onyo: usibadilishe hapa kwa mkono, faili hili litaandikwa upya. Nililiona. Nikalichukulia kama yale maonyo ya kwenye pakiti za sigara, yanawahusu wengine.

Nani angejua kuliko mimi? Mimi, mwenye cheti!

Ikawa Dar wameongeza swali jipya kwenye hati yao. Ijumaa mchana nikaamuru mashine iandike tena, nikapeleka maktaba mpya kwenye tawi letu la Kongwa kwa njia ya simu, nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya nikiimba kwa nguvu kuliko ilivyoruhusiwa.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Ndahani, mwangalizi wa tawi la Kongwa, kijana wa Kigogo ambaye akizungumza unadhani anahesabu maneno yasiishe.

"Fundi, mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo. "Kompyuta inakataa chanjo."

"Inakataaje?"

"Toleo halijulikani. Makasha yote. Friji imejaa, na sifungui kasha lisilojulikana. Ndiyo sheria, wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Wafugaji wamefika?"

"Sogeza sikio." Akausogeza mkono wa simu dirishani. Ndugu zangu, nilichosikia si ng'ombe, ni bahari ya ng'ombe! Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeingia vijiji vya jirani, na watu walikuwa wameswaga mifugo tangu juzi yake hadi kwenye josho. Ungeweza kutembea juu ya migongo yao hadi Mpwapwa bila kukanyaga ardhi. Maji yalikuwa machache. Ikifika saa sita wangetawanyika kutafuta malisho, wenye ugonjwa na wasio nao, na hakuna ambaye angeweza kuwakusanya tena.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Hao ni watu wa Dar. Wamevuruga mambo yao. Ngoja niwabane."

Nilisema hivyo kabla sijatazama chochote. Ulimi ulikimbia wenyewe.

Nikakaa mbele ya kompyuta, jasho linatoka hadi kwenye nyusi. Nilipofungua lile faili, marekebisho yangu hayakuwepo. Hata alama! Mashine ilikuwa imeandika upya kila kitu, kama ilivyoonya. Nikainamisha kichwa pale pale mezani nikaomba: Bwana, nifungue macho, hata kama nitakachokiona hakitanipendeza.

Nilipoinua kichwa, Bi Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na daftari la ghala. Bi Zainabu ndiye mtunza ghala wetu, mama wa hapa hapa mjini, Mwislamu wa swala tano, na kwa utani ananiita Injinia wa Jioni.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba. Injinia wa Jioni, mbona asubuhi unasinzia?"

"Sisinzii, mama, naomba. Kongwa wamekwama."

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba nitaingia kwenye faili, nirekebishe kama mwanzo, dakika tano, na hakuna atakayejua.

"Na Dar wakibadilisha tena hati yao?"

"Nitarekebisha tena."

"Na siku ukiwa mgonjwa?" Akavuta kiti. "Mwanangu, mimi nikiwa na msaidizi anayeandika lebo vibaya, sizunguki nyuma yake nafuta kila lebo. Namwambia kabla hajaanza. Hiyo mashine yako, uliiambia lini unavyotaka iandike?"

Haleluya! Sikuwa nimeiambia. Hata mara moja! Nilikuwa naiamuru iandike, halafu nanung'unika nyuma yake. Nikafungua maelezo ya ile mashine, ambayo sikuwahi kuyasoma kupita ukurasa wa pili, na humo nikakuta kwamba kuna faili dogo la mipangilio. Unaliandika wewe, linakaa pembeni, na mashine hulisoma kila inapoanza kazi. Humo unaiambia: jina fulani kwenye hati ulichukulie hivi, kitu fulani kiite hivi, mafaili yaweke pale. Hati ya Dar inabaki ya Dar, maandishi ya mashine yanabaki ya mashine, na maamuzi yako yana mahali pake pasipofutwa.

Nikaandika, kwa haraka, kwamba kila namba ichukuliwe kama maandishi. Mashine ikaandika, programu ikagoma: sasa hata idadi ya dozi ilikuwa maandishi na haikuweza kujumlishwa!

"Umewapa wote dawa ya mgonjwa mmoja," akasema Bi Zainabu, ambaye kompyuta hajawahi kuigusa ila kwa kitambaa cha vumbi.

Nikapunguza: namba ya toleo tu, nyingine ziachwe. Na ile mistari yangu ya kujaribu tena simu ikikatika, ambayo nayo nilikuwa nimeichomeka ndani ya mafaili ya mashine, nikaiandika kwenye faili langu mwenyewe, nje. Nikaamuru. Nikajaribu toleo 0047. Dar wakajibu: zima. Nikaifuta maktaba yote, nikaamuru iandikwe upya, nikajaribu tena. Zima! Nikafanya hivyo mara tatu, si kwa shaka, kwa raha ya kuona tu, hadi Bi Zainabu akanipiga begani na daftari: "Ng'ombe, Yeremia!"

Nikampigia Ndahani. Na hapa ndipo penye ushuhuda wenyewe, ndugu zangu, kwa sababu programu ilikuwa imepona lakini mimi bado.

"Ndahani, naleta maktaba mpya. Lakini kwanza... kosa si la Dar. Ni langu. Nilibadilisha kwa mkono mahali palipokatazwa."

Nikasikia anacheka, kitu ambacho hutokea Kongwa mara moja kwa muongo.

"Sema tena, fundi. Niliwaambia wazee ni Dar, na wameanza kuilaani Dar yote. Sema kwa sauti, wasikie."

Nikasema kwa sauti ya kwaya, sauti kamili, bila kiasi: "Kosa ni langu!"

Kwa mbali mzee mmoja akajibu, "Mwambie tumesamehe. Lakini ng'ombe bado wamesimama juani."

"Umesikia? Haya, kata simu mashine ipite." Maana laini ni moja, na mtu na kompyuta hawawezi kuitumia pamoja.

Nikakata. Modemu ikapiga kelele zake, faili likaenda. Nikasubiri. Bi Zainabu naye akasubiri, tasbihi mkononi, na sitawaficha kwamba maombi ya chumba kile siku ile yalipanda kwa njia mbili. Simu ilipolia, Ndahani alisema maneno mawili tu: "Imekubali. Tunachanja."

Waliwachanja hadi jua likaelekea kuzama. Hakuna kundi lililoondoka bila chanjo. Tangu siku ile Dar wamebadilisha hati yao zaidi ya mara moja, na mimi hunywa chai yangu wakati mashine inaandika. Lile faili dogo la mipangilio nimemwonyesha Ndahani, nimewaonyesha wanafunzi wa darasa la jioni, nimemwonyesha hata Bi Zainabu, aliyesema lina herufi ndogo mno kwa jambo kubwa namna hiyo.

Namshukuru Mungu kwa zile sifuri, kwa mama yule na swali lake, na kwa wazee wa Kongwa. Nawe unayesoma, kama kuna mahali umerekebisha kwa siri na unaomba pasifunguliwe, usiogope kumwambia Bwana leo, na baada ya Bwana umwambie na mwenzako uliyemtupia lawama. Mimi nilidhani nitafukuzwa kwa aibu. Nilisamehewa na watu ambao ng'ombe wao walikuwa bado hawajaepuka hatari.