Usimpandishe Mabegani

NGADIRAN: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, hapa wanajaribu patu, shaba zinagongwa, sisikii kitu!

TUMIRAH: Assalamu aleikum, shemeji. Ni mimi, Tumirah.

NGADIRAN: Aa, mke wa mheshimiwa! Waaleikum salaam. Mbona namba ngeni?

TUMIRAH: Simu ya jirani. Ya kwangu angeona jina. Mwenzako wa jukwaani yuko karibu?

NGADIRAN: Wasimin? Yuko nje anapigwa picha. Shemeji, ungeona! Jatirejo nzima imemzunguka utadhani bwana harusi. Kwenye bango wamechora uso wake mkubwa kuliko wa mfalme, na Bwana Darsono, bosi wetu na mfalme mwenyewe wa jukwaani, kanuna tangu asubuhi. Mtu ananifika kiunoni na wilaya nzima inamjua, mimi mlingoti hata mbwa wa kwetu ananibwekea—

TUMIRAH: Uko peke yako?

NGADIRAN: Niko nyuma ya pazia, najipaka rangi. Kuna nini?

TUMIRAH: Usimbebe leo.

NGADIRAN: Nani?

TUMIRAH: Wasimin. Usimpandishe mabegani.

NGADIRAN: [anacheka] Mmegombana tena? Shemeji, mambo ya chumbani mnayaleta mpaka—

TUMIRAH: Ngadiran, sicheki.

NGADIRAN: Haya. Haya, sema.

TUMIRAH: Mgongo wake umeharibika. Daktari amepiga picha. Ule mfereji wa uti wa mgongo umebana. Amesema kwa wafupi wengi hutokea, ila wake umebana vibaya mno. Mtikisiko mmoja tu, miguu basi. Basi kabisa. Anatakiwa apasuliwe wiki hii.

NGADIRAN: Picha ya lini? Mbona aliniambia alikwenda kung'oa jino?

TUMIRAH: Jino! Uliona pengo?

NGADIRAN: [kopo la rangi linaanguka]

TUMIRAH: Haloo? Uko hapo?

NGADIRAN: Nipo. Shemeji, mtu alirukaruka juzi pale Kunduran kama panzi—

TUMIRAH: Na usiku wake nilimkanda mpaka alfajiri. Kandambili inamvuka njiani, yeye anaendelea kutembea. Hajui. Mpaka mtu amwite, wewe, ndara yako! Anageuka anacheka, anasema ameiacha makusudi. Alikanyaga kaa la jikoni, Ngadiran. Mimi ndiye niliyesikia harufu.

NGADIRAN: Lahaula.

TUMIRAH: Hujaona kitu chochote wewe? Mtu unambeba kila wiki?

NGADIRAN: Ngoja. Ngoja kwanza... Kuna kitu. Huwa akitaka kushuka ananipiga kisigino ubavuni. Ndiyo ishara yetu tangu tulipoanza, watu hawaioni. Sasa tangu Idi hanipigi. Ananivuta nywele. Nikamuuliza, mzee, vipi, unataka ninyonyoke? Akasema nywele zangu zimekuwa nzuri.

TUMIRAH: [analia kidogo]

NGADIRAN: Usilie, shemeji. Ukilia na mimi nalia, na rangi yenyewe haijakauka. Mbona hakuniambia? Miaka yote hii! Mimi si mtu wake?

TUMIRAH: Wewe ndiye anayekuogopa kuliko wote. Anasema Ngadiran akijua atanishika kama yai, na watu wataona.

NGADIRAN: Na wewe ukamwachia akaja?

TUMIRAH: Nimemwachia? Nimeficha nguo zake za jukwaani kwenye pipa la soya! Kaamka, kazitafuta, kavaa zikiwa zinanuka hivyohivyo. Nikasimama mlangoni. Akaniambia, Tumirah, ukimwambia Ngadiran, mimi na wewe basi. Hakupiga kelele. Ndiyo ujue alikuwa anamaanisha.

NGADIRAN: Na unaniambia.

TUMIRAH: Nakuambia. Aniache, ila aniache kwa miguu yake.

NGADIRAN: Subiri, mtu anapita. [sauti ya mbali] Ndiyo, bosi, namalizia uso! ...Shemeji, unajua unachoniomba?

TUMIRAH: Nakuomba usinyanyue mtu. Kuna kitu chepesi kuliko hicho?

NGADIRAN: Hujaelewa. Wasimin akiwa chini anamsema mfalme, watu wanacheka, hicho ni kichekesho. Akiwa juu yangu, macho kwa macho na mfalme, watu wananyamaza wanasikiliza. Pale ndipo anaposema ya kweli. Leo mkuu wa wilaya kaketi mstari wa mbele, na barabara ya kuja huku ni mashimo matupu, mgonjwa anakufia mkononi kabla hujafika hospitali. Watu hawakuja kumwangalia Darsono na taji lake la karatasi. Wamekuja kumsikia mumeo. Nikikataa kumbeba nimemziba mdomo.

TUMIRAH: Mwambie Bwana Darsono afute hicho kipande.

NGADIRAN: Thubutu! Darsono akisikia mgongo mbovu, kesho kamleta mwingine. Ameshaanza kunidokeza, eti kuna vijana wawili wa kule Cepu, wafupi, wanaruka sarakasi. Eti wachanga. Nilimwambia basi atafute na mlingoti mwingine wa kuwabeba.

TUMIRAH: Basi Darsono asijue.

NGADIRAN: Mumeo asijue, Darsono asijue, watu elfu wasijue. Nimbebe nani sasa, kivuli?

TUMIRAH: Ninyi si hamna maandishi? Si mnaambiwa kisa tu asubuhi, mengine mnajisemea wenyewe? Kila siku mnajisifu, sisi hatukariri kama kasuku! Basi jisemee!

NGADIRAN: Tunajisemea, ndiyo, lakini nikimwambia sikubebi atanikejeli mbele ya watu mpaka nimbebe. Unamjua ulimi wake. Hajawahi kushindwa na mtu pale juu. Na akiona nakwepa atanirukia mwenyewe. Alishafanya! Alipanda kiti akanirukia mgongoni—

[mlio mdogo: tii]

TUMIRAH: Hilo salio linakwisha. Ngadiran, mimi niko mbali. Pikipiki anayo kaka, kaenda nayo sokoni. Siwezi kufika. Ni wewe tu.

NGADIRAN: Usiniweke hapo, shemeji.

TUMIRAH: Nishakuweka.

NGADIRAN: [kwa sauti ya chini] Anakuja. Anakuja, nyamaza.

WASIMIN: [kwa mbali] Wewe, unaongea na nani? Uso nusu mweupe nusu mweusi, utadhani wali umeungua!

NGADIRAN: Na... fundi wa redio!

WASIMIN: [kwa mbali] Mwambie aitengeneze na sura yako. Twende, patu zimelia!

NGADIRAN: Nakuja, mzee! ...Shemeji, tumeitwa. Sikati simu. Naitia kwenye mshipi, usikie mwenyewe. Usikohoe, usipige kelele.

TUMIRAH: Utafanya nini?

NGADIRAN: Sijui. Wallahi sijui.

[Mchakacho wa nguo. Patu. Kelele za watu, kisha makofi mengi.]

WASIMIN: [jukwaani] Jatirejo! Mnanipigia makofi hata sijasema! Pigeni taratibu, vumbi la barabara yenu limejaa mikononi!

[Kicheko kikubwa.]

MFALME: [jukwaani] Nani anayepiga kelele uani mwangu?

WASIMIN: Ni mimi, mtukufu, mtumwa wako. Nina neno. Lakini kutoka hapa naona magoti yako tu, na magoti hayana masikio. Mlingoti! Piga magoti nipande!

TUMIRAH: [kwa kunong'ona] Ya Rabi.

NGADIRAN: [jukwaani] Leo sipigi.

WASIMIN: Hupigi nini?

NGADIRAN: Magoti. Yamegoma.

WASIMIN: Jamani, mnasikia? Mlingoti umechoka! Tangu lini? Kazi yako ni kusimama, na hiyo unafanya umesinzia!

[Kicheko.]

NGADIRAN: Nimesema sibebi mtu.

WASIMIN: [anacheka] Inama, bwana. Watu wanangoja.

NGADIRAN: Siinami.

WASIMIN: [sauti inashuka] Inama.

[Kicheko kinapungua. Mtu mmoja anapiga mbinja.]

WASIMIN: Leteni kiti! Nitapanda mwenyewe, mti haukatai kupandwa!

TUMIRAH: Mshike! Ngadiran, mshike!

NGADIRAN: Kiti weka chini! Nasema hivi! Mtumwa huyu anapanda kila siku. Kila siku yeye ndiye anayepanda kumfuata mfalme. Na mfalme je? Ana gundi makalioni? Mtukufu, shuka wewe!

[Watu wanaguna.]

MFALME: Ni... Nini? Mimi?

NGADIRAN: Wewe. Shuka kwenye kiti, kaa mkekani. Mtu wangu ana neno na wewe.

MFALME: Wewe mtumwa, una wazimu? Mfalme hakai chini ya mtumwa wake! Haijapata kuonekana!

NGADIRAN: Basi leo ionekane! Jatirejo, mnataka ashuke?

[Mtu mmoja anapaza sauti: Ashuke! Wengine wanadakia. Ashuke! Ashuke! Vibao vya jukwaa vinagongwa.]

MFALME: [kwa kunong'ona, karibu na simu] Ngadiran, unanifanya nini? Mkuu wa wilaya yuko pale!

NGADIRAN: [kwa kunong'ona] Anacheka, bosi. Shuka. Nitakueleza. Shuka tu.

[Kelele zinapanda mpaka simu inakoroma. Kisha vigelegele.]

TUMIRAH: Kashuka? Kashuka?

[Kelele zinatulia.]

TUMIRAH: [kwa kunong'ona] Sema, mume wangu. Sema chochote.

[Kimya kirefu. Mtu anakohoa.]

WASIMIN: [taratibu] Kumbe mtukufu... ukikaa chini, una upara.

[Kicheko kinalipuka.]

WASIMIN: Na unahema! Hatua tatu tu! Wake zetu wa Jatirejo wanakwenda kujifungua kwa barabara yako, wanarushwa mpaka watoto wanazaliwa wakiwa wameshika kitu wasianguke. Hebu tazama huku. Usimwangalie mlingoti. Niangalie mimi. Barabara lini?

[Makofi.]

WASIMIN: Usijikune, jibu. Una bahati, mtukufu. Ukiiambia miguu yako shuka, inashuka. Kuna watu wanaiambia na haisikii.

[Kicheko kirefu sana.]

TUMIRAH: Wanacheka. Mungu wangu, wanacheka.

[Patu. Makofi. Mchakacho wa nguo. Pumzi nzito.]

NGADIRAN: Shemeji? Shemeji, upo? Tumetoka, mfalme anamalizia peke yake. Umesikia? Hakupanda! Hakupa— Mzee, ngoja, mzee, hii simu ya—

WASIMIN: Leta.

NGADIRAN: Ni fundi wa—

WASIMIN: Ngadiran. Leta hiyo simu.

[Simu inabadilishwa mikono.]

WASIMIN: Tumirah.

TUMIRAH: Abee.

WASIMIN: Ulikuwa unasikiliza.

TUMIRAH: Tangu mwanzo.

WASIMIN: Nilikwambia nini leo asubuhi?

TUMIRAH: Uliniambia nikimwambia, mimi na wewe basi.

WASIMIN: Ehe.

TUMIRAH: Basi niache. Nguo zangu zinajaa kwenye kikapu kimoja. Nitakaa kwa mama, nitakaanga tempe, ile soya yangu, nitakutukana mpaka uzee. Lakini kesho unakwenda hospitali. Hata kama ni kwa hasira.

WASIMIN: Umenivua nguo mbele ya watu.

TUMIRAH: Watu hawajui chochote. Wamecheka.

WASIMIN: Nilisimama pale, mfalme miguuni kwangu, na sikuwa na neno. Mimi! Kichwa kitupu kabisa. Nikamwangalia Ngadiran, nikaona machozi yamechora mistari kwenye rangi yake. Ndipo nikajua umempigia.

TUMIRAH: Nisamehe.

WASIMIN: Sijasema hivyo.

[tii]

TUMIRAH: Salio linakwisha. Tukana haraka.

WASIMIN: Nimekaa chini hapa nyuma ya pazia. Wenzangu wanadhani napumzika.

TUMIRAH: Umechoka?

WASIMIN: Tumirah, siwezi kusimama.

TUMIRAH: Umesemaje?

WASIMIN: Nilitoka jukwaani nimeshika shati la Ngadiran. Yeye hakujua namwegemea. Nikaketi. Sasa nataka kusimama na hakuna kitu. Toka kiunoni kushuka, hakuna kitu.

TUMIRAH: Lala. Lala chali hapohapo, usijinyanyue! Ngadiran! Mpe Ngadiran simu!

WASIMIN: Kaenda kuniletea maji. Usipige kelele. Niligundua pale jukwaani, nikiwa naongea na Darsono. Miguu ilianza kwenda. Nikasema nikinyamaza tu nitaanguka. Ndiyo maana niliongea vile.

TUMIRAH: Usimruhusu mtu yeyote akubebe, unasikia? Yeyote! Wakulaze kwenye ubao, mlango, chochote kilichonyooka. Nampata daktari, nakodi gari, nakuja na—

WASIMIN: Ungemwacha anipandishe, ningekuwa juu ya mabega yake wakati haya yanatokea.

TUMIRAH: Usiseme.

WASIMIN: Ningeanguka mbele yao wote.

TUMIRAH: Usiseme hivyo, Wasimin.

WASIMIN: Lile neno la asubuhi—

[tii, tii]

TUMIRAH: Achana na la asubuhi!

WASIMIN: Nilisema kwa woga. Naogopa, Tumirah. Njoo upesi. Pitia mlango wa nyuma, mbele kuna watu wananingoja wapige pi—

[Simu inakatika.]

TUMIRAH: Haloo? Wasimin? Haloo! Nakuja! Hata kama hunisikii, nakuja!