Kiwanja cha Bibi Beleshi

Sikilizeni wanangu, niinueni kidogo, na wewe kitinda mimba acha kulia, sijafa bado. Yule mnunuzi wa betri kuukuu yuko sebuleni na matunda yake, eti amekuja kunijulia hali. Hali aijue, lakini kiwanja hapati ng'o!

Mlikuwa wadogo baba yenu alipofariki, na baba yenu mdogo akampangisha mtu huyo huyo kiwanja chetu. Wakavunja betri za magari, wakamwaga tindikali ardhini na kuyeyusha madini ya risasi ya ndani yake kule kona ya nyuma, mpaka hata magugu yakagoma kuota na mkubwa wenu akawa analia tumbo kila siku. Niliwafukuza kwa mdomo huu huu. Kisha nikashika beleshi, nikachimba udongo ule mbaya na kuujaza kwenye magunia, watu wakanicheka wakaniita Bibi Beleshi, naye baba yenu mdogo akaniambia, "Shemeji, si umwage tu bondeni, nani atakuona?" Bondeni, ambako wenzetu wanachota maji! Nikajaza ndoo udongo ule, nikaitua juu ya meza ya bwana afya, nikakaa. Akifungua ofisi, nipo. Akinywa chai, nipo na ndoo yangu. Mwishowe akachoka, akaleta lori la halmashauri, likabeba magunia yote. Wanangu, nilipiga vigelegele peke yangu barabarani!

Nikajaza udongo mpya na samadi, nikaanza kuotesha miche ya kuuza, na leo miti yangu imesimama mji mzima, nanyi mmesomeshwa na kiwanja hicho. Ni chenu wote, msikigawe. Ile kona ya nyuma pandeni maua tu. Udongo wake mweusi utawatamanisha kupanda mchicha, msithubutu, sumu ya betri huenda bado imo chini. Baba yenu mdogo nimemsamehe, mwambieni, ila ufunguo wa geti msimpe.

Nipeni maji... ahsante. Mungu awalinde, mpendane, watoto wenu wacheze chini bila kuugua... Pumzi inakata. Najua nikifumba macho yule bwana atawajaza maneno matamu, nanyi wapole mno. Basi nizikeni pale pale kiwanjani, katikati ya njia ya geti, lori lisipate pa kupita. Sasa mwiteni... aingie... nimwambie mwenyewe kwamba kiwanja kimeshapata mtu.