Uji au Pombe

Albina alikuwa amepakata kiroba cha ulezi alichopewa na mama yake kule Mpui. Jirani yake wa kiti ndani ya gari, mfugaji aliyejitambulisha kuwa anaitwa Masalu, akakitazama. "Hicho ni cha uji au cha pombe, dada?"

"Ndicho kinachoniumiza kichwa, kaka. Nikipika pombe, majirani watakuja kunilimia. Lakini wanangu watakula nini? Ndani hamna kitu kingine."

"Basi wapikie uji. Nina maksai, nitakulimia bure."

"Bure!" Abiria wa nyuma alicheka, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Ukishavuna, ng'ombe wangu watakula mabua. Basi."

"Na hao ng'ombe wako wanajua kusubiri mavuno?" Albina akauliza.

"Wana adabu kunishinda mimi."

Albina akajikuta anacheka, na hilo likamuudhi. Mwaka jana ng'ombe walimlia mahindi yakiwa mabichi, na hakujua ni wa nani. Lakini hata majirani, baada ya kumaliza pombe, walilima nusu ya shamba na kuimba nusu iliyobaki.

Gari likasimama Milanzi. Albina akashuka na kiroba chake. Masalu akachungulia dirishani. "Sasa nije Jumatatu, au nisije?"

"Njoo," Albina akasema. "Ila maksai uwaache kwanza nyumbani. Uje unywe uji na wanangu, uwajue wenye shamba."