Zacharie Mathe na Tablo Yenye Kuangalia Nje

Tarehe 30 mwezi wa sita, Papa Zacharie Mathe anaanza kupumzika, kisha miaka makumi tatu na moja kwenye depo yetu ya kakao hapa Butembo. Batu ba biro baliuliza nani atamuandikia maneno ya kumuaga. Nikasema ni mimi mama yake, nilimujua mbele yenu bote.

Alizaliwa Masereka. Akili alitoa kwangu. Baba yake, Mungu amuweke pema, alimupatia uzuri.

Alianza kwa kubeba mifuko, akapanda mupaka kuwa mukubwa wa mizani. Ni yeye alitengeneza tablo, ubao wenye kuwaka namba nyekundu za kilo, akaitundika ikiangalia nje, juu muuzaji asome kilo zake mwenyewe, hapana kuambiwa. Kwa ile tablo tu, batu ba Mabalako banapitaka madepo mengi mupaka kwetu.

Mwaka jana ordinateur ya zamani, ile kompyuta yenye kutuma kilo za mizani kwa tablo, ikakufa. Mupya ikakuja, inang'aa kama sahani ya harusi, lakini nyuma haikuwa na ule mulango mupana wa kuingizia nyaya za tablo: USB tu. Zacharie akanunua câble ya USB yenye kichwa kipana, akaunganisha. Ordinateur ikazani tablo ni imprimante, mashine ya kuchapa! Ikaanza kuomba karatasi. Aruna, shofere wetu, akapita: « Papa Zacharie, uipatie basi, iko na njaa! » Depo ikacheka wiki nzima, na yeye pia.

Lakini bauzaji habakucheka. Bila tablo, balisema, mifuko itaenda kwingine. Basi Zacharie akaenda kwa Bénie, mama mwenye kutengenezaka radio sokoni. Bakaweka katikati ya ordinateur na tablo kakarte kadogo ka umeme, kenye kupokea maneno ya USB na kuwasha kila waya pa nafasi yake. Bénie akaandika programu. Zacharie akamuonyesha kila waya inaenda wapi, juu ni yeye alizichomelea. Tablo ikawaka.

Sikitu, muuzaji wa Mabalako, akasimama mbele ya benzake, mikono kiunoni: « Imefufuka, ndiyo. Lakini inasema kilo zetu, ao zile za patron, mwenye depo? » Hakuna mutu aliweka mufuko.

Mimi nilikuwa natoka centre de santé, kwa munganga, nikapitia pale depo, nimepimwa uzito asubuhi ile, karatasi mukononi: kilo 74, na hakuna hata moja yenye kunipatia haya. Nikavua viatu kama kwa munganga, nikapanda mizani.

« Mama, shuka, batu banakuangalia, » Zacharie akanong'ona.

« Ndiyo nataka baangalie. »

Tablo ikaandika 74. Sikitu akasoma karatasi, akasoma tablo, akacheka mupaka machozi, akaweka mufuko wake wa kwanza.

Zacharie, depo yote inakushukuru, na bote benye kupimiwa wazi banakushukuru. Mungu akupe siku nyingi zenye uzito, pamoja na bajukuu na kuku zako za Masereka. Na ninyi munaobaki, mumuache apumzike. Mutu akipata tena mashaka juu ya tablo, munitumie motari tu na pikipiki yake hapa nyumbani Vulamba: kilo zangu ziko, na hazijapunguka.