Jasi ya Makanya Miguuni mwa Mwanangu

Shikamooni wazee wangu. Akina mama wenzangu, poleni na kazi za shamba. Nimeomba nisimame hapa kanisani kwa sababu furaha hii imenishinda kuikalia peke yangu.

Ndugu zangu, mwanangu alizaliwa nyayo zikitazamana. Wapo walionong'ona kwamba nimeruka kitu kibaya nikiwa mjamzito. Mpo hapa, nawaona mnavyoinama! Mimi nilimfunika kanga hadi vidoleni, nikalia, nikijua hatatembea kamwe.

Mkunga akanihimiza niende hospitali Same mapema, mifupa ikiwa bado laini. Nilidhani nampeleka kwenye kisu. Kumbe muuguzi aliikanda ile miguu taratibu, akaielekeza nje kidogo, kisha akaizungushia bandeji zilizoloweshwa, zenye unga mweupe, kutoka vidoleni hadi mapajani. Zikakauka, zikawa plasta ngumu kama jiwe.

Kasheshe ikawa nyumbani. Mnajua baba yake anachimba jasi, yale mawe meupe ya hapa Makanya. Alikwangua ile plasta kwa ukucha, akaionja, akawaka.

"Hii ni jasi! Naichimba mwenyewe, inakwenda kutengenezea saruji. Mnataka kumgeuza mwanangu nguzo?"

Akafuata nyundo. Nikamkumbatia mtoto, nikamwambia mume wangu, "Baba, ngoja wiki iishe, wataifungua. Twende wote ukaone."

Tukaenda. Muuguzi akailowesha plasta, akaifungua. Nawaambia, nilisogea karibu nione vizuri. Nyayo zilikuwa zimegeuka! Kidogo tu, lakini zimegeuka, bila damu wala kovu. Baba yake alizishika kwa mikono yake ile yenye sugu, akazitazama moja moja.

Muuguzi akamwambia, "Baba, jasi inaushikilia mguu pale tulipoufikisha. Wiki ijayo tunausogeza tena."

"Na mimi miaka yote naona ni mawe tu," akasema, machozi yakimtoka mbele za watu.

Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akituombea lifti kwenye malori. Kila wiki plasta mpya, hadi nyayo zikatazama mbele. Kisha vikaja viatu vya kulalia, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma.

Asante muuguzi yule. Asanteni ninyi mliolima sehemu yangu katika shamba la ujamaa nilipokuwa safarini. Mungu wetu ni wa ajabu, dawa ya mwanangu aliiweka kwenye ardhi tunayoikanyaga kila siku. Mtoto akizaliwa hivi, msimfiche kwenye kanga. Mpelekeni akingali mchanga.

Na hivyo vishindo mnavyovisikia huko nyuma ya mabenchi, mzee wa kanisa, nakuomba usimkanye. Leo mwache akimbie.