Mfuko Nyuma ya Mlango

Wasikilizaji wapendwa, mliokaa na mliosimama, aliye na pasi mkononi aiweke pembeni kidogo asije akaunguza nguo ya watu. Leo tunamkumbuka dobi. Majirani walimwita Mama Pasi. Jina hilo lilimshika hata karani wa cheti cha kifo akaanza kuliandika kabla hajauliza jina la haki. Alifariki wiki tatu zilizopita, asubuhi, kwenye meza yake ya kazi. Shati lililokuwa mezani lilikuwa la polisi.

Shikeni hilo. Shati lilikuwa la polisi.

Mwenye shati ni sajini wa kituo cha mtaani kwao, amebakiza miezi minne astaafu. Ndiye aliyekuja hapa studioni kuomba habari hii isemwe. Tukamwuliza, isemwe yote? Akajibu, "Yote. Mkipunguza, nitajua." Basi tunaisema kama alivyotueleza. Mkisikia hasira humu, hasira ni yetu. Yeye alikuja na aibu tu.

Miaka kumi na moja iliyopita Mama Pasi alishtakiwa kwa kuanika mashuka kwenye uzio wa barabara. Mmesikia sawa. Hakuua, hakuiba. Alianika. Akatakiwa mahakamani siku ya Jumanne, na Jumanne hiyo homa ilimlaza chini hata maji hakuweza kujitilia. Alhamisi akajikongoja hadi mahakamani. Karani hakuinua uso. "Umechelewa, mama. Hati ya kukukamata imeshatoka."

Ijumaa asubuhi sajini akabisha hodi na ile hati mkononi. Alimkuta amesimama mbele ya pasi ya mkaa. Mama akaisoma karatasi, akairudisha, akasema, "Nimalizie kola, afande. Nguo ni ya mtu." Sajini akangoja. Kola ikaisha. Mama akamwaga makaa, akayazima kwa maji, akafunga mlango, wakaondoka wawili kwa miguu kama mtu na mama yake waendao sokoni.

Kwenye lango la gereza, askari jela akawatazama akashika kiuno.

"Mwingine? Afande, humu ndani watu wanalala kwa zamu. Akigeuka mmoja, wageuke wote. Huyu mama nimtie kwenye mfuko wangu wa shati?"

Wasikilizaji wapendwa, sisi hatusahau. Gereza lile lilijengwa kwa watu mia mbili. Mwaka ule lilikuwa na watu mia saba na kumi. Palisimikwa kibao cha upanuzi, mheshimiwa akakata utepe, picha zikapigwa. Kibao kimeota kutu. Ukuta haujaota.

Sajini akampigia simu mkuu wake. Mkuu akasema, "Watu wa makosa madogo msinijazie. Waambieni wangoje nyumbani." Na hapo sajini akasema maneno ambayo leo anayakumbuka moja moja, kama mtu anayetafuna mchanga:

"Mama, nenda nyumbani. Usitoke mji huu. Nafasi ikipatikana, tutakuita."

Alirudi kituoni moyo mwepesi. Alijiona mtu mwema, na kusema haki, siku ile alikuwa mtu mwema. Hati akaitia kwenye droo ya chini, pamoja na nyingine za jinsi hiyo, betri zilizokufa na funguo zisizo na kufuli.

Mama Pasi naye alifika nyumbani akatafuta mfuko. Akatia gauni moja, taulo, mswaki, kandambili na mche wa sabuni. Akauning'iniza nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono ungeufikia upesi. Hilo sajini hakulijua.

Alilolijua ni kwamba mama yule alikuwa fundi. Wiki iliyofuata akampelekea sare zake. Zikarudi mikunjo imenyooka kama rula, wanga umekaa shingoni bila kukwaruza. Akawa mteja wa kila Ijumaa. Na kila Ijumaa mama alimpokea kwa swali lile lile.

"Leo, afande?"

"Bado, mama. Hawajanunua kitanda."

Wiki nyingine: "Bado, mama. Wanakutafutia chumba chenye dirisha." Muuza mkaa wa jirani, mtu asiyepitwa na neno, alikuwa akicheka mpaka anashika gunia. "Hawa wawili na utani wao!" Malipo mama alikataa. "Wewe acha tu, afande." Wiki ya kwanza sajini alisisitiza. Wiki ya pili alisisitiza kidogo. Mwezi wa pili alikuwa hatii hata mkono mfukoni.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka mahakamani. Hati zote za makosa madogo zilizolala zaidi ya miaka miwili zimefutwa. Orodha imeambatishwa. Wahusika wajulishwe. Jina la Mama Pasi lilikuwemo. Sajini aliliwekea alama kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake, akasema moyoni, huyu nitamwambia Ijumaa.

Ijumaa ikafika, mvua inanyesha, akaingia mbio huku anakung'uta kofia. Mama akauliza, "Leo, afande?" Na ulimi, wasikilizaji wapendwa, ulimi ulikuwa umeshazoea. Ukajibu wenyewe kabla kichwa hakijafika.

"Bado, mama."

Akajiambia, basi wiki ijayo. Wiki ijayo akajiambia, kwani mama huyu hajui? Anajua, huu si utani tu?  Hapa studioni akaongeza, "Na kola zangu zilikuwa zinakaa vizuri sana."

Tunarudia, ili asipotee mtu. Mwaka wa tatu Mama Pasi alikuwa huru. Hakuna aliyemwambia.

Mwaka wa nne, katikati ya wiki, si Ijumaa, alimfuata sajini hadi barabarani. Hilo hakuwa amelifanya kabla. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na mikono bado ina wanga. Akasema polepole, "Afande, nikitoka siku mbili tu, mtanitafuta?"

Sajini alikuwa na haraka. "Ukitoka, mama, tutakufuata kwa king'ora!" Akacheka. Muuza mkaa akacheka. Mama Pasi naye akacheka, akarudi ndani. Sajini hakumwuliza alitaka kwenda wapi.

Sisi tumeuliza. Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa chekechea, mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Wiki ile binti alikuwa wodini na uchungu wa mtoto wa kwanza, siku ya pili bila kujifungua, akimwita mama yake kwa simu ya muuguzi. Mama akamjibu, "Kazi ni nyingi, mwanangu." Aibu ya kusema polisi wananitafuta ilimshinda. Kwa basi la kesho yake akatuma kifurushi: nepi ishirini na nne, zote zimepigwa pasi, zimekunjwa zikalingana.

Binti ametuambia hivi. "Nilizisukuma chini ya kitanda. Nikasema, kumbe mimi ni mteja, si mwana. Nilipotoka hospitali nikampigia nikamwambia, mlango wangu unaujua. Sikwenda kwake tena. Nilikuwa nangoja aje yeye kwanza."

Yule alingoja kuitwa, huyu alingoja kutembelewa. Miaka saba. Kila mwaka kifurushi kilikuja, nguo za mtoto zikikua saizi kwa saizi. Mtoto alimjua bibi yake kwa harufu ya pasi.

Siku ya msiba sajini alikwenda, amevaa nguo za kiraia. Alimkuta binti amesimama mlangoni, ameshika mfuko alioutungua nyuma ya mlango.

"Mama alikuwa anasafiri?" binti akauliza watu.

Muuza mkaa akajibu, bila kicheko safari hii. "Huo? Huo ni mfuko wa jela, mwanangu. Uko hapo tangu siku ile. Sabuni ikikauka anabadilisha. Mimi... mimi nilidhani afande anajua lake."

Binti akafungua. Sabuni ilikuwa mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

Hakuna aliyemgeukia sajini. Angeweza kunyamaza. Anasema alitaka kunyamaza, miguu ilishaanza kutafuta mlango. Ila mlango ulikuwa nyuma ya yule binti.

"Hati ilifutwa," akasema. "Mwaka wa tatu."

Binti akamtazama. Midomo ikahesabu. "Mwanangu ana miaka saba. Kwa hiyo wiki ile nipo wodini, mama alikuwa huru?"

"Alikuwa huru."

"Alijua?"

"Hapana."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Watu walingoja apige ukunga. Hakupiga. Aliufunga mfuko, akamkabidhi sajini mikononi, kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mgeni kitu cha heshima. "Chukua, mzee. Si ulisema utamwita?"

Wasikilizaji wapendwa, kutomfunga mama yule kulikuwa haki. Hatutaki mtu aseme tumelalamika kwamba hakufungwa. Lakini ukimwachia mtu bila kumwambia umemwachia, hujamwachia. Gereza lilipojaa, mji mzima ukafanywa gereza, na kila mtu akawa mlinzi wa nafsi yake, anajipikia, anajifulia, anajifungia. Hiyo ndiyo nafuu waliyoigundua wakubwa. Na waliosaini barua ya "wahusika wajulishwe" hawakuwahi kuuliza kama mhusika hata mmoja alijulishwa. Tunakumbuka. Tutaendelea kukumbuka.

Sajini ameitoa ile orodha. Ina majina thelathini na manane. Siku za mapumziko anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Kuna waliohama. Wawili amekuta wameshazikwa. Fundi baiskeli mmoja alipomwona kwa mbali aliruka dirisha la nyuma na kiatu kimoja, sajini akamkimbiza mtaa mzima akipiga kelele, "Simama! Uko huru! Uko huru, wewe!" Jamaa akazidi mbio. Watu walicheka, na yeye anasema alicheka pia, mpaka alipokaa ukingoni mwa mtaro na kile kiatu cha pili mkononi.

Kwa binti wa marehemu, kwa mjukuu anayeijua harufu ya pasi, kwa muuza mkaa na majirani wote, tunatoa pole kutoka hapa studioni. Tumepungukiwa na mikono iliyonyoosha mji huu. Binti ametuomba tuseme kwamba zile nepi alizitoa chini ya kitanda zamani, akazitumia zote. Mama yake hakuambiwa hilo nalo.

Na wewe unayesikiliza, ofisini au nyumbani. Fungua droo yako. Kama mna karatasi ya mtu, au neno la mtu, mpelekee kabla jua halijazama. Usingoje Ijumaa.

Sajini sasa sare zake anapiga pasi mwenyewe, na kola haikai. Mfuko ameutundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Mkewe kila akifagia humwuliza, "Mzee, huu tuutoe?"

Anamjibu, "Bado."