Mwalimu Ursula, Aliyetufundisha Kushuku kwa Adabu

Miaka ishirini na sita Mwalimu Ursula Magesa amefundisha wafanyabiashara wadogo wa Musoma, Bunda na Butiama, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anastaafu. Ndivyo barua ya ofisi inavyosema. Mimi mlinzi nimekaa geti la kituo hiki cha mafunzo tangu kabla yake, nimeona watu wanaagwa kwa pilau Ijumaa, Jumatatu hao hapo wanaulizia chai. Kwa hiyo tarehe nimeipokea, kuiamini bado.

Kamati ilianza kwa kumpa msomi mmoja aandike wasifu huu. Ikatoka kama risiti ya umeme. Ndio wakamkumbuka Mzee Apolinary, yaani mimi, maana Mara nzima hakuna mtu anayejua habari za kituo hiki kunizidi, na kama yupo aje getini tuongee. Mimi nasema, Brenda wa kompyuta anachapa. Nimemkataza kunyoosha maneno yangu, ila naye simwamini sana. Mkikuta neno limevaa tai, ujue ni lake.

Mwalimu alikuta kituo kina ubao mmoja na baiskeli moja. Hiyo baiskeli alikuwaga anaipakia juu ya basi, anashuka nayo Bunda, halafu anaendesha mpaka Nyamuswa kufundisha wauza nyanya namna ya kupanga bei bila kusahau jasho lao. Pancha nilikuwaga naziba mimi. Kila aliyesoma Nyamuswa ajue elimu yake imepita kwenye gundi yangu.

Simu za kupangusa zilipoingia, Mwalimu akaona masomo yake yamezeeka. Wengine wangenyamaza wasubiri pensheni. Yeye kila likizo akawa anaenda Mwanza kukaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu zake, anajifunza Fesibuku, anajifunza Wasapu ya biashara, anajifunza kupiga picha ya bidhaa bila kidole kutokea. Vijana wakamwita Bibi Bando. Alirudi na cheti, akakitundika juu ya mtungi wa maji ili kila mwenye kiu akione.

Kufundisha hayo huku kwetu haikuwa mchezo. Watu wa Mara hatuamini mtu anayetupiga picha. Wengine walisema ametumwa na watu wa kodi. Kule Nyamuswa Mzee Burito, muuza ng'ombe, alimwambia waziwazi:

"Mwalimu, hiyo picha ukishaituma, mwizi hana haja ya kuuliza njia."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliangalia ile picha, akaona zizi, akaona nyumba, akaona mpaka ule mlima ambao kila mtu anaujua. Akamwambia Burito amesema kweli, akaifuta. Tukaazima shuka jeupe tukalitandaza nyuma ya ng'ombe, ncha moja nimeshika mimi, ndio akapiga upya. Ng'ombe akatoka kama bibi harusi, akanunuliwa wiki hiyohiyo. Tangu siku hiyo Mwalimu akawa anasemaga mashaka ya mtu yana sababu, kazi yako ni kuitafuta hiyo sababu, sio kumcheka.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililofanya jina lake likae. Ni la mwaka jana.

Benedikta wa Kigera anauza dagaa. Kila mtu aliyekula dagaa anajua shida yake ni mchanga: wengi wanaanika chini ufukweni, mlaji anatafuna ziwa na kingo zake. Benedikta yeye anaanika juu ya chanja za nyavu. Mwalimu alimfungulia ukurasa, akamfundisha kujibu wateja, na oda zikaanza kutoka Dodoma na Singida. Halafu mtu mmoja mwenye roho mbaya akachukua picha za Benedikta, jina lake, mpaka ile sura yake anacheka, akaweka namba yake mwenyewe. Akawa anatuma magunia ya dagaa ya kuanikwa chini.

Mwenye duka mmoja wa Singida, Revocatus, akapokea hiyo mizigo. Wateja wake wakavunjika meno, au walisema wamevunjika. Akaitupa picha ya Benedikta kwenye magrupu yote ya Wasapu, chini ameandika kwamba huyu mama anauza kiwanja cha mpira kwa kilo.

Oda zikakata. Kwaya yao Benedikta akiingia, maongezi yanakufa. Mume wake Clementi akamwambia simu imewaletea aibu, auze chanja warudi kijijini Nyegina kulima mihogo. Siku Benedikta alipokuja kituoni kurudisha cheti chake alipita getini bila kunisalimia, mimi ambaye hata mbuzi wa jirani wananisalimiaga. Nikajua mambo yameharibika.

Na humu ndani tukaanza kuangaliana. Zile picha zilipigwa darasani, na nyingine hata ukurasani hazijawahi kuwekwa, kwa hiyo mwizi amekaa kwenye benchi letu. Huyu anamshuku yule, yule anamshuku aliyekaa nyuma ya Benedikta. Wengine wakanong'ona kwamba picha zote ziko kwenye simu ya Mwalimu. Mwalimu alisikia. Hakununa. Aliifungua simu yake, akaiweka mezani katikati ya darasa, akatoka kuja kunywa chai na mimi getini mpaka kipindi kikaisha. Mwenye kupekua akapekua. Hiyo ndiyo adabu ya kushukiwa, na nimeiona kwa mtu mmoja tu.

Benedikta alitaka aandike maelezo marefu, aape kwa Mungu na kwa watoto wake. Mwalimu akamkatalia.

"Mwanangu, mwizi naye anajua kuapa. Waonyeshe kile wanachokishuku."

"Wanashuku mchanga, Mwalimu."

"Basi kachukue beseni."

Tukashuka mwaloni Kigera, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, jua linachoma. Brenda kashika simu, mimi nimeikinga simu kwa mwavuli isizime kwa joto, na bila ule mwavuli leo hakuna habari ya kusimulia. Wakaenda laivu. Benedikta akachota dagaa kwenye gunia, akaimwaga kwenye beseni jeupe, akatia maji, akavuruga kwa mkono, akaitoa yote. Halafu akainamisha beseni mbele ya simu. Chini peupe.

Revocatus naye alikuwepo kwenye hiyo laivu, amekuja kutafuta cha kucheka. Akaandika kwamba hiyo ni video ya zamani. Mwalimu akamwambia aamrishe kitu chochote sasa hivi. Revocatus akaamrisha mama avue kandambili aiweke pembeni ya beseni.

Benedikta akasita. Kandambili yake kamba ilikuwa imefungwa waya, na Singida nzima inaangalia. Akaivua, akaiweka.

"Kaka Revocatus," Mwalimu akasema, "sasa mpigie kwa video yule aliyekutumia mizigo. Mwombe hivyohivyo."

Tukasubiri. Benedikta alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya mwingine kwa sababu ya mchanga wa moto. Revocatus aliporudi akaandika kwamba jamaa kwanza amesema netiweki ni mbaya, halafu akasema beseni limeazimwa, halafu akazima simu. Jioni ileile Revocatus alipita kila grupu alilochafua, akaandika amekosea, akaomba radhi kwa jina. Oda yake mpya ya Jumatano Clementi mwenyewe ndiye aliyeipakia kwenye basi. Habari ya mihogo sijaisikia tena.

Aliyefanya ule wizi hakukamatwa. Mimi namjua. Sisemi, ila siku ya sherehe ya kumuaga Mwalimu ukiona mtu anakula pilau bila kuinua macho, mwongezee soda.

Tangu hapo somo la kwanza la kituo hiki ni kuonyesha kile mteja anachokiogopa. Gody fundi seremala wa Bunda anapiga picha kabati kwa nyuma, mbao zionekane. Burito ng'ombe wake anawatembeza, mguu uonekane.

Mwalimu anahamia Butiama kusaga na kuuza unga wa muhogo. Juzi aliweka tangazo lake la kwanza. Mteja wa kwanza kuandika akawa Benedikta: anataka gunia la kuweka kwenye duka alilofungua, lakini unga wa Butiama haujui, kwa hiyo aone kwanza ukichekechwa, laivu. Ofisini watu wakakasirika, wakasema huyo mama hana shukrani, anamkagua Mwalimu wake. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema huyo amefaulu. Akaenda kutafuta chekeche.

Akachekecha mbele ya simu. Katikati akatoka dudu mmoja. Sote tulimwona. Angeweza kumpuliza, mkono ulikuwa karibu. Mwalimu akambeba kwa kidole akamsogeza kwenye simu, aonekane vizuri na miguu yake.

Benedikta akaandika: "Nitumie."

Mwalimu Ursula, asante kwa kutuvumilia tulivyo. Nenda salama Butiama, magoti yasikuume, mashine ya kusaga isikuharibikie, na Mungu akupe wateja wengi, wote wenye mashaka.